Ovide Decroly, Mganga Aliyegeuka Mwalimu

Katika nchi ya Ubelgiji, upande wa Flandria, upo mji uitwao Ronse kwa Kiflamandi na Renaix kwa Kifaransa, maana umesimama penye mpaka wa lugha hizo mbili. Zamani wenyeji wake wengi waliishi kwa kufuma nguo. Huko alizaliwa Ovide Decroly, tarehe 23 Julai 1871. Baba yake alikuwa mwenye kiwanda, mtu wa asili ya Ufaransa.

Wasomaji wapenzi, huenda mkadhani kwamba mtu ambaye walimu wa nchi nyingi wamejifunza jina lake alikuwa mtoto mtulivu, mwenye kuketi benchi la mbele na kujibu pasipo kukosa. Sivyo hata kidogo. Ovide alikuwa mwanafunzi msumbufu. Kanuni kali za shule za siku zile zilimchosha, naye aliwachosha walimu wake. Kukariri maneno asiyoyaona maana yake kulikuwa kwake kama kutafuna mchanga. Alipofika kwenye masomo ya sayansi, ndipo moyo wake ulipoamka.

Alisomea uganga katika chuo kikuu cha Ghent. Baada ya hapo akaenda kuendelea Berlin na Paris, akichunguza hasa magonjwa ya ubongo na ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1898 alihamia Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, akaoa, akaanza kazi ya kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo. Wakati huo hakuwa na wazo lolote la kuwa mwalimu. Watoto ndio waliomgeuza.

WATOTO WALIOREJESHWA NYUMBANI

Wazazi wa Brussels walimletea mganga huyo watoto wa kila namna. Wengine walikuwa na umri wa miaka sita au saba nao hawajasema neno kamili. Wengine hawakuweza kutulia hata kidogo. Wengine walikuwa viziwi, wengine walishikwa na kifafa, wengine walionekana wazima kabisa wa mwili lakini shule ilikuwa imewarejesha nyumbani, kwa kuwa hawakuweza kufuata wenzao. Mganga anaweza kutoa dawa. Lakini kwa watoto wengi wa jinsi hiyo dawa haikuwepo, na mama aliyetoka mlangoni kwa mganga na mwanawe mkononi alijua kwamba hana tena mahali pa kumpeleka.

Decroly hakuridhika kuwaandikia barua ya ugonjwa na kuwaaga. Mwaka 1901 alifungua nyumba ya kuwafundisha watoto hao, na nyumba yenyewe ilikuwa makao yake mwenyewe. Yeye na mke wake na watoto wake waliishi pamoja nao. Tazameni vema jambo hilo, kwa sababu kazi yake yote iliyofuata ilitoka humo. Waganga wengi wa wakati ule waliwatazama watoto wa namna hiyo kwa robo saa tu, katika chumba chenye harufu ya dawa, mtoto akitetemeka kwa hofu. Decroly aliwaona wakila, wakicheza, wakigombana, wakilala na kuamka, siku baada ya siku. Baadaye akatumia hata mashine ya kupigia picha za sinema ili aweze kutazama tena na tena matendo ya mtoto mdogo, jambo lililokuwa geni kabisa miaka ile.

Aliona nini? Aliona kwamba mtoto anayeshindwa kuzishika herufi tatu mbele ya ubao hakosei saa ya chakula. Anajua mkate umewekwa kabati gani. Anajua mbwa yupi huuma na yupi hauumi. Akili yake haikufa. Inafanya kazi mahali penye haja. Njaa, baridi, hofu, hamu ya kucheza na wenzake: hapo ndipo mtoto hukumbuka, hulinganisha, huuliza. Basi Decroly akaanza kufundisha kuanzia hapo. Badala ya kumwonyesha mtoto alama za herufi moja moja, alimpa karatasi yenye agizo fupi la kuleta kitu au kufungua mlango, na mtoto akalisoma kwa kulitenda.

Watoto waliokuwa wamekatiwa tamaa walisonga mbele. Si wote, wala si kwa mwendo mmoja. Tusiseme kwamba alifanya miujiza. Lakini walisonga mbele vya kutosha hata wazazi wengine, wenye watoto wazima, wakaanza kuulizana swali gumu: ikiwa njia hiyo inawafaa walio dhaifu, mbona watoto wetu wazima wanafundishwa kwa njia inayowachosha? Kwa ombi la wazazi hao, mwaka 1907 Decroly alifungua shule ya pili, ya watoto wa kawaida, katika barabara ya Ermitage mjini Brussels. Wavulana na wasichana walikaa darasa moja, jambo ambalo wengi hawakulipenda wakati ule. Darasa halikuwa kubwa. Yeye alitaka watoto wapatao ishirini na kidogo, wasizidi hapo.

MASOMO YALIYOTENGANA

Ili tufahamu alichobadilisha, yatupasa kwanza kukumbuka shule ilivyokuwa. Kengele ililia, watoto wakafungua kitabu cha hesabu, wakahesabu mita za kitambaa cha mfanyabiashara asiyekuwapo. Kengele ikalia tena, wakafunga kitabu hicho, wakafungua cha jiografia, wakataja majina ya mito. Kengele ya tatu, wafalme na miaka ya vita. Ya nne, sarufi. Kila somo lilikuwa kama nyumba iliyojengwa peke yake porini, bila njia ya kwenda kwenye nyumba ya jirani. Mtoto alibeba vipande vingi kichwani, wala hakuna aliyemwonyesha jinsi vipande hivyo vinavyoungana kuwa ulimwengu mmoja anaoishi ndani yake.

Decroly alisema kwamba akili ya mtoto haianzi na vipande. Mtoto huona kwanza jambo zima, hata kama analiona kwa ukungu, kisha polepole hutenga sehemu zake. Mtoto mchanga humjua mama yake kabla ya kuijua pua ya mama yake. Kwa hiyo masomo nayo lazima yaanze na jambo zima. Akatafuta mambo ambayo yanaweza kubeba masomo yote kwa mwaka mzima bila kumchosha mtoto, naye akayaona katika haja za mwanadamu mwenyewe. Alizihesabu nne. Mwanadamu lazima ale. Lazima ajikinge na baridi, mvua na jua, kwa nguo na kwa nyumba. Lazima ajilinde na hatari na maadui, wakiwemo wanyama wakali, moto na magonjwa. Tena lazima afanye kazi pamoja na wenzake, apumzike, afurahi, na kuinua moyo wake.

Kila haja ilikuwa kiini cha mwaka mzima. Mwaka wa chakula, hesabu na kusoma, jiografia na historia, kuchora na kazi za mikono, yote yalizunguka chakula. Ndiyo maana jina la Decroly limeshikamana na neno la Kifaransa ambalo maana yake ni mahali pa katikati panapovuta moyo wa mwanafunzi. Sisi hapa tutasema kiini tu.

KIAZI KIMOJA

Tuchukue mfano, ili tuone jinsi fungu moja la masomo lilivyoweza kupangwa kwa njia yake. Tuseme mwaka ni wa chakula, na majira ni yale ambayo huko Ulaya watu huchimba viazi vya kizungu. Mwalimu hawaambii watoto wafungue kitabu. Anawapeleka shambani, au analeta viazi darasani, kila mtoto na chake.

Kazi ya kwanza ni kutazama. Kiazi kina rangi gani, kina macho mangapi, kina harufu gani kikikatwa? Kutazama hakutoshi kwa macho tu, ndiyo maana Decroly aliunganisha kutazama na kupima. Mtoto mdogo hupima kwa vitu alivyo navyo: kiazi hiki kina uzito wa maharage mangapi, fungu hili lina urefu wa shubiri ngapi. Kilo na mita huja baadaye, wakati mtoto mwenyewe ameona kwamba shubiri yake si sawa na shubiri ya jirani, na kwamba watu wasipokubaliana kipimo kimoja watagombana sokoni. Mtoto mkubwa zaidi hukata kiazi vipande vyembamba, hupima uzito, huvikausha, kisha hupima tena. Ataona kwamba katika sehemu tano za kiazi, karibu nne zilikuwa maji. Hapo ndipo anajifunza sehemu za namba, tena kwa hesabu ambayo jibu lake hakulijua mtu kabla ya kupima.

Kazi ya pili ni kuunganisha jambo lililo mbele ya macho na mambo yaliyo mbali. Kiazi hiki kimetoka wapi? Mtoto wa Flandria hudhani kwamba viazi vilikuwako kwao tangu mwanzo wa dunia. Lakini viazi ni mazao ya milima mirefu ya Peru na Bolivia. Wahispania walivileta Ulaya katika karne ya 16. (Na muhogo wetu pia, ambao unga wake na majani yake ya sombe tunayala kana kwamba babu zetu wa kwanza walizaliwa navyo, ulitoka upande huo huo wa Amerika ya Kusini, ukaletwa na meli za Wareno.) Basi ramani inatandikwa, bahari inavukwa kwa kidole, na jiografia imeingia bila kengele.

Historia nayo inaingia kwa mlango huo huo, nayo si ya kuchekesha. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ulizuka Flandria, majani yakageuka meusi, viazi vikaoza ardhini. Watu maskini wa Flandria hawakuwa na chakula kingine cha kutosha. Wafumaji wa kitani walikuwa tayari wamepoteza kazi kwa sababu ya mashine. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na homa. Nchini Ayalandi ugonjwa huo huo uliua watu wapatao milioni moja, na wengine milioni moja wakakimbilia ng'ambo ya bahari. Mtoto wa Ronse au wa Ghent aliyesikia hayo akiwa na kiazi mkononi hakuhitaji kulazimishwa kukumbuka mwaka 1845.

Kazi ya tatu ni kueleza. Mtoto huchora kiazi na mche wake, hufinyanga kwa udongo, hupika supu, hupanda jicho la kiazi na kuandika kila siku limeota kiasi gani. Kisha huandika maneno yake mwenyewe, akimwandikia barua mwenye shamba kumshukuru, au akisimama mbele ya wenzake kuwaeleza aliyoyachunguza. Sarufi na tahajia zinafundishwa hapo, kwa kuwa mtu anayeandika barua ya kweli hupenda isomeke.

Labda mtasema: hayo yanafaa kwa watoto wadogo, je, vijana wa miaka kumi na miwili hata kumi na mitano, walio kati ya shule ya chini na shule ya juu? Hapo ndipo, kwa maoni yangu, njia hii inaonyesha nguvu yake. Kijana huyo anaweza kurudishwa kwenye kiazi kile kile bila kuona haya. Atakikwaruza ndani ya maji, ataona unga mweupe ukizama chini, atatia tone la iodini na kuona rangi ikigeuka buluu nzito, ndipo ataingia katika kemia. Ataacha viazi juani vigeuke kijani na kujifunza kwamba vina sumu. Ataenda sokoni kuuliza bei, arudi aulize kwa nini mlimaji anapata kidogo na mchuuzi anapata zaidi. Atauliza kwa nini mwaka 1847 watu walikufa njaa wakati ghala za matajiri hazikuwa tupu. Katika shule ya Decroly vijana walipewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua wenyewe jambo la kuchunguza, na kazi ya kulieleza mbele ya darasa ilikuwa yao.

KAZI YA MWALIMU

Wengi waliosikia habari hizi walizipokea kwa upesi mno. Walidhani kwamba imetosha kuchukua neno moja na kulibandika juu ya kila somo: leo tunahesabu viazi vitano na vitatu, tunasoma hadithi ya kiazi, tunaimba wimbo wa kiazi, tumemaliza. Huko ni kupaka rangi ukuta wa zamani. Mtoto hahesabu viazi kwa furaha zaidi ya anavyohesabu vijiti, kama hakuna haja ya kujua idadi yake. Kwa Decroly kiini hakikuwa kiazi. Kiini kilikuwa njaa. Kiazi ni njia tu ya kuingilia. Mwalimu asiyefahamu tofauti hiyo atachosha darasa lake kwa viazi kama mwenzake anavyolichosha kwa wafalme.

Tena njia hii inadai mengi kwa mwalimu kuliko ile ya zamani. Yule wa zamani alifungua kitabu ukurasa uliofuata ule wa jana. Huyu inampasa, kabla ya mwaka kuanza, ajue majira yataleta nini na lini: tunda gani litaiva, kazi gani itafanyika mashambani, wanyama gani watazaa. Inampasa aweke mbele yake mambo yote ambayo wanafunzi lazima wayajue mwisho wa mwaka katika hesabu na katika lugha, kisha aangalie ni yapi yataingia kwa urahisi katika kila fungu, na ni yapi yatahitaji saa yake peke yake. Kwa maana si kila hesabu hukubali kufungwa kwenye kiazi, na mwalimu mwenye busara halazimishi. Decroly na wenzake walitengeneza michezo mingi ya kadi na picha ili mtoto arudie mazoezi ya kusoma na kuhesabu mpaka yamwingie. Mwaka 1914 yeye na Monchamp walitoa kitabu juu ya michezo hiyo. Mtu aliyesema kwamba katika shule ya Decroly hakuna mazoezi, hakuiona.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Aliyempa msaada mkubwa alikuwa Amélie Hamaïde, mwalimu wa kike, ambaye mwaka 1922 alitoa kitabu cha kueleza njia hii darasa kwa darasa. Kitabu hicho kikafasiriwa katika lugha nyingine. Decroly mwenyewe aliandika makala nyingi sana, lakini hakutunga kitabu kimoja kikubwa cha kukusanya mafundisho yake yote. Daima alisema kwamba bado anajaribu. Wengine waliona hiyo ni kasoro. Mimi naona ni tabia ya mganga mwema, asiyetangaza dawa mpaka ameona mgonjwa wa mwisho.

NANI MJINGA?

Kuna kazi nyingine ya Decroly isiyotajwa mara nyingi, nayo yastahili kukumbukwa na kila mzazi. Huko Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walikuwa wametunga maswali ya kupima akili ya watoto, ili wale wenye shida watambuliwe na kusaidiwa. Decroly, pamoja na mwalimu wa kike Julia Degand, waliwauliza watoto wa Brussels maswali hayo hayo, nao wakatoa habari zake mwaka 1910. Watoto wa Brussels walishinda wale wa Paris. Je, watoto wa Ubelgiji wana akili kuliko wa Ufaransa? Sivyo. Watoto wa Decroly walitoka katika nyumba zenye mali na vitabu, ambapo wazazi huzungumza na watoto mezani. Wale wa Binet walitoka katika mitaa ya maskini. Maswali yaliyodhaniwa kupima akili aliyozaliwa nayo mtoto yalikuwa yanapima pia nyumba aliyolelewa. Binet mwenyewe alilitafakari jambo hilo. Ni watoto wangapi, hata baada ya mwaka huo, walioitwa wajinga kwa sababu tu swali liliulizwa kwa maneno ambayo hayakusikika kwao nyumbani?

VITA NA BAADA YA VITA

Mwezi wa Mei 1914 sheria ya Ubelgiji iliamuru kwamba kila mtoto lazima afundishwe. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule majeshi ya Ujerumani yakaingia nchini, yakakaa miaka minne. Brussels ilipata njaa. Decroly alibaki mjini, akaendelea na shule zake, tena akashiriki katika kazi ya kuwatunza watoto mayatima wa vita. Twaweza kufikiri watoto wa miaka ile walielewaje mwaka wa masomo juu ya chakula.

Vita vilipokwisha, jina lake likaenea. Baadhi ya madarasa ya shule za mji wa Brussels yalijaribu njia yake. Mwaka 1920 aliitwa kufundisha elimu ya akili ya mtoto katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels. Mwaka 1921 alikuwa miongoni mwa walimu wa nchi mbalimbali waliokutana Calais, Ufaransa, kuunda umoja wao wa kutengeneza shule upya. Mwaka 1922 alivuka bahari kwenda Marekani kutazama shule za huko, na mwaka 1925 alikwenda Kolombia, ambako walimu walikuwa wamempokea kwa hamu.

Shule yake haikuwa ya mapadri wala ya masista, na chuo kikuu kilichomwita kilijitenga na Kanisa. Hata hivyo Raymond Buyse, aliyefuatana naye katika safari ya Marekani na kuandika vitabu pamoja naye, baadaye alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Elimu ya kumfahamu mtoto ilipita katika milango yote miwili.

Katika jambo moja wakati umemsahihisha Decroly. Yeye aliamini kwamba kusoma kuanze na sentensi nzima, na kwamba mtoto atatenga herufi na sauti zake polepole kwa nguvu yake mwenyewe. Walimu wengi wakamfuata, wengine wakazidisha kuliko yeye. Uchunguzi uliofanywa miaka mingi baada ya kifo chake umeonyesha kwamba watoto wengi husoma vizuri zaidi wakifundishwa mapema, kwa utaratibu, herufi zipi zinatoa sauti zipi. Na wanaoumia zaidi kwa kukosa mafundisho hayo ni wale wale wanyonge ambao Decroly aliwapenda. Katika Kiswahili, ambapo silabi huandikwa kama inavyotamkwa, lingekuwa jambo la ajabu kumnyima mtoto njia iliyo fupi hivyo. Lakini ule ushauri wake mwingine, kwamba maneno ya kwanza anayosoma mtoto yawe na maana kwake na yamwongoze kutenda jambo, haujapingwa na mtu.

Mwaka 1927 shule ya Ermitage ilihamia Uccle, pembeni mwa Brussels, penye bustani na miti, ambapo watoto waliweza kulima na kufuga. Decroly alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, naye alikuwa amechoka. Asubuhi alikuwa kwa wagonjwa, mchana shuleni, jioni kwa wanafunzi wa chuo kikuu, usiku akiandika. Mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya jinsi akili inavyoshika jambo zima kabla ya sehemu zake, yaani lile wazo aliloliona kwa watoto wa nyumbani kwake karibu miaka thelathini nyuma. Alifariki huko Uccle mwezi wa Septemba 1932.

Miaka minne baadaye, mwaka 1936, serikali ya Ubelgiji ilitoa mpango mpya wa masomo kwa shule za chini. Ndani yake mna kutazama, kuunganisha na kueleza, na masomo yanayoanzia katika mambo yanayomzunguka mtoto. Kila aliyemfahamu Decroly aliyatambua. Shule ya Uccle ipo hata leo, nayo inapokea watoto tangu wadogo kabisa mpaka vijana wanaomaliza shule ya juu, na nje ya madarasa bado mna bustani.